Geuza pakiti: rangi za chakula na sheria mpya za huku Marekani

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Leo nimewasha kamera nikiwa jikoni, maana ninachotaka kuwaonesha kimo kabatini. Hii ni chupa ya cheri, zile nyekundu tunazowekea juu ya keki. Naigeuza nyuma. Ngoja nisogeze kamera… mnaona hapo? Red 3. Jina lake la kitaalamu ni eritrosini, na kwa wanaotumia namba za Ulaya ni E127.

Kuanzia tarehe 1 Januari 2027, rangi hii hairuhusiwi kwenye chakula kinachouzwa hapa California. Sheria yenyewe aliileta mbunge wa jimbo, Jesse Gabriel, na Gavana Gavin Newsom akaitia saini Oktoba 2023. Inakataza vitu vinne: rangi hii, bromati ya potasiamu inayotiwa kwenye unga wa mkate, mafuta ya mimea yaliyotiwa bromini ambayo yalikuwa yakiwekwa kwenye soda za matunda, na propilparabeni ya kuzuia chakula kisiharibike. Atakayeuza analipa faini hadi dola 5,000 mara ya kwanza, na hadi dola 10,000 akirudia.

Hiyo ya mkate ndiyo iliyoniuma, kwa sababu peremende unaweza kumnyima mtoto, mkate je? Bromati inafanya donge livutike na mkate upande, uwe mwepesi, mweupe, mkubwa. Mkate ukiiva sawasawa, nyingi yake hugeuka kuwa kitu kingine kisicho na madhara hayo. Kipimo kikizidi, au tanuri likiwa na moto mdogo, nyingine hubaki humo humo na mtu anaila. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1990, Canada ikafuata 1994, na mwaka 1999 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Huku Marekani iliendelea kuruhusiwa miaka yote hiyo. Mie nimeishi hapa na kununua mkate kila wiki bila kusoma nyuma hata siku moja.

Turudi kwenye hii nyekundu. FDA, ambao ndio mamlaka ya chakula na dawa ya taifa zima, waliizuia kwenye vipodozi mwaka 1990, kwa sababu panya dume waliolishwa kwa wingi walipata uvimbe kwenye tezi ya thairoidi, hii ya hapa shingoni. Kwenye chakula ikabaki. Miaka 35! Januari 2025 ndipo walipotangaza kuiondoa kwenye chakula pia. Na niwe mkweli kwenu: FDA wenyewe walisema jinsi inavyowadhuru panya sivyo inavyofanya kazi kwa binadamu. Ila kuna kifungu cha sheria cha mwaka 1960 kinachosema rangi ikisababisha saratani kwa mtu au kwa mnyama, hairuhusiwi. Kwa hiyo sijaja kuwatisha kwamba cheri moja itawaua. Ninachouliza ni kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo, na kwa nini jimbo lilitangulia taifa.

Sehemu ya jibu iko kwenye sheria ya taifa ya 1958 kuhusu vitu vinavyotiwa kwenye chakula. Ilikusudiwa vitu kama chumvi na siki visipitie mlolongo wa vibali, kwa kuwa vinajulikana ni salama. Mlango huo huo leo kampuni inaweza kuupitia na kiambato kipya, wataalamu wake wenyewe wakasema ni salama, na si lazima wawaarifu FDA. Unaelewa maana yake? Kipo kwenye sahani yako na serikali huenda haijui kama kipo.

Ndiyo maana majimbo yameanza kujitetea, na si California peke yake. West Virginia wameondoa rangi saba kwenye chakula cha shule tangu Agosti 2025. Louisiana wamepitisha kwamba kuanzia 2028 pakiti za vyakula vyenye viambato fulani ziwe na alama ya kuskani kwa simu, uone maelezo. Texas wamepitisha onyo kuhusu viambato 44, liseme wazi kwamba bidhaa ina kitu ambacho mamlaka za Australia, Canada, Umoja wa Ulaya au Uingereza hazipendekezi kiliwe na binadamu. Vyama vya wafanyabiashara vimelipeleka hilo mahakamani. Na hapa kwetu, mwisho wa 2027, shule za serikali zitaacha rangi sita, ikiwemo Yellow 5. Mwanangu yuko darasa la kwanza, kwa hiyo nahesabu miezi.

Kampuni zikisema haiwezekani, mie nawakumbusha Froot Loops, zile nafaka za rangi rangi ambazo watoto hula asubuhi na maziwa. Za Canada hutiwa rangi ya maji ya karoti na tikiti, na watoto wa Canada wanazila.

Sasa, dada zangu wa Mombasa, Tanga na Unguja. Hiyo Yellow 5 mnaijua: ni tatrazini, E102. Ulaya tangu 2010 chakula chenye rangi hiyo lazima kiandikwe kwamba kinaweza kuathiri utulivu na umakini wa mtoto. Angalieni juisi za unga, angalieni barafu za watoto, angalieni kopo la rangi ya biriani. Bibi yangu alipaka wali kwa zafarani, na zafarani ikiwa ghali, manjano. Mzingefuri, ule mti wenye mbegu nyekundu za kutia rangi, tunao, watalii wanaoneshwa mashambani kama maajabu, na sisi tunanunua unga wa kopo.

Dada yangu jana amenitumia picha ya kopo lake. Mbele kuna picha ya sahani ya biriani. Nyuma kumeandikwa "rangi ya chakula" basi, hakuna jina wala namba.

Mamangu, najua unaitazama hii. Yale mabuyu uliyosema utamtuma mtu aniletee, nayataka, nayataka sana. Ila kabla hujanunua, muulize yule mama anayeyapika anatia rangi gani, na akikuonesha kopo, lipige picha nyuma unitumie.