Injini tatu za nini?

Habari za huko nyumbani jamani, na shikamooni wakubwa wangu. Niko Chengdu, China, na leo najibu swali mnaloniletea kila siku: ile ndege ya kivita ya Kichina isiyo na mkia, iliyopita juu ya mji huu mchana kweupe tarehe 26 Desemba 2024, ina maana Mchina kamfikia Mmarekani? Na kabla hujaniandikia, hapana, siendi na kamera karibu na kiwanda cha ndege. Mgeni mwenye akili hafanyi hivyo hapa.

Mimi umbo lake halinisumbui. Kinachonisumbua ni injini zake tatu. Ndege za kivita tulizozoea zina moja au mbili. Wapo wachambuzi wanaosema ya tatu ni ya kuzalisha umeme wa rada na mitambo. Wengine wanasema injini mbili za aina waliyonayo hazina nguvu ya kutosha. Naegemea hawa wa pili.

Sikilizeni. Nyuma ya chumba cha kuchomea mafuta kuna mapanga ya turbini, na gesi inayoyapiga ina joto kupita lile linaloyeyusha madini yake. Ni kama usonge ugali kwenye sufuria ya nta. Hayayeyuki kwa sababu hewa ya kuyapooza hupita ndani kwenye vijitundu, nje yamepakwa kauri, na kila panga, ambalo ni la aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli, limekuzwa polepole tanurini likawa fuwele moja, lisilo na maungio ya kuachia linapozunguka kwa kasi. Hata ukifungua injini ya mwenzio na kulikata panga vipande, utaona limeundwaje. Namna lilivyopozwa tanurini huioni, na hapo ndipo miaka inapoishia.

Ndiyo maana J-20, ndege yao nyingine ya kivita, iliruka hapa hapa Chengdu Januari 2011, lakini zile za mwanzo zikategemea injini ya Mrusi, AL-31. Injini yao wenyewe, WS-10, ilianza miaka ya 1980, ikawatesa kweli kweli. Mwaka 2016 serikali ikakusanya viwanda vya injini chini ya shirika moja, AECC, na mwaka 2021 J-20 yenye WS-10 ikaonyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya ndege ya Zhuhai. Sasa wako kwenye injini ya WS-15, yenye nguvu zaidi, na wanatafiti injini inayobadili mtiririko wake wa hewa: ibane mafuta safari ndefu, iongeze msukumo vitani. Mmarekani naye anahangaika na hiyo hiyo.

Kwangu, maonyesho ya angani si kipimo. Kipimo ni mteja. Ndege ya kivita ya JF-17 waliyounda na Pakistan, ambayo Nigeria ilipokea tatu mwaka 2021, hadi leo inaruka kwa injini ya RD-93 ya Mrusi. Lakini ndege za kivita za J-10CE walizopelekewa Wapakistani mwaka 2022 zina WS-10. Rubani wa nchi nyingine kakabidhi roho yake kwa injini moja tu, na ya Kichina.