Shwaa na Ukali wa S: Kusafisha Sauti za Uimbaji Zilizorekodiwa Nyumbani

Ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie kasoro mbili zinazowasumbua wengi wanaorekodi uimbaji nyumbani: ile kelele nyembamba ya "shwaa" inayosikika nyuma ya mwimbaji, na ule ukali unaochoma sikio kila anapotamka neno kama "sisi" au "usiku". Nazichukua pamoja kwa sababu wengi huzitibu kwa dawa moja, yaani kupunguza sauti zote za juu, zile nyembamba, kwenye ikwalaiza, kifaa cha kuongeza au kupunguza sauti nene na nyembamba. Dawa hiyo hupunguza shwaa kidogo tu, ilhali humnyang'anya mwimbaji maneno yake. Na katika muziki wetu, ambapo msikilizaji wa taarabu, wa kaswida au wa bongo fleva hufuata mashairi neno kwa neno, hiyo ni hasara kubwa.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Vaeni hedifoni, msikilize nafasi iliyopo kati ya ubeti na ubeti, pale ambapo hakuna anayeimba. Kelele inayosikika hapo ndiyo shwaa, nayo haimtegemei mwimbaji hata kidogo. Ukali unaotokea tu pamoja na s, z, sh au ch unatoka kinywani, pale hewa inapopenya kati ya ulimi na ufizi na kugonga meno.

Shwaa haiwezi kumalizika kabisa. Elektroni ndani ya waya na vipuri hutikiswa na joto, hata chumba kikiwa kimya, na kila kifaa kinachokuza umeme hukuza na mtikisiko huo. Kinachoamua wingi wake ni kiasi cha geini, yaani ukuzaji wa umeme wa maikrofoni, tunacholazimika kuongeza. Maikrofoni ya dainamiki, ile ya koili na sumaku, hutoa umeme kidogo sana; Shure SM7B, kwa mfano, huhitaji geini ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 60 hivi kwa sauti ya kawaida ya mtu, na kadi nyingi za sauti za bei nafuu zikifikishwa huko huanza kuvuma zenyewe. Maikrofoni ya kondensa, ile inayohitaji umeme wa kuiendesha, hutoa umeme mwingi zaidi, lakini hunasa pia panga boi, friji ya chumba cha pili na feni ya kompyuta. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, zimeni panga boi, isogezeni kompyuta nyuma ya maikrofoni, na mtundike blanketi zito nyuma ya mwimbaji, hasa katika vyumba vyetu vya kuta za saruji ambavyo hurudisha sauti za juu bila huruma.

Kisha mwimbaji asogee. Kila umbali unapopunguzwa nusu, sauti yake huongezeka desibeli 6: akitoka sentimita 40 hadi 20 tunapata 6, akifika 10 tunapata 12, na geini hushushwa kwa kiasi hichohicho pamoja na shwaa yake. Sioni hatua nyingine yenye manufaa makubwa kiasi hicho isiyogharimu hata senti. Lakini ukaribu una gharama yake: besi huvimba, na pumzi ya s hupiga moja kwa moja kwenye kiwambo cha maikrofoni, ule utando unaonasa sauti. Kwa sababu hiyo maikrofoni igeuzwe kidogo, nyuzi 20 au 30 hivi, ielekee kona ya mdomo badala ya kutazamana na meno, kwa kuwa maikrofoni nyingi hupoteza sehemu ya sauti za juu zinazotoka pembeni. Jaribuni sentensi moja, "sisi sote tusisahau", mkibadilisha pembe hiyo polepole huku mmoja wenu akisikiliza, nanyi mtapata mahali ambapo s inalainika na irabu zinabaki wazi.

Wapo bado wanaorekodi kwa kuijaza mita mpaka karibu na nyekundu. Desturi hiyo ilikuwa na maana enzi za kanda, ambazo zilikuwa na shwaa yake zenyewe kiasi kwamba mwaka 1965 mhandisi Mmarekani Ray Dolby alianzisha kampuni jijini London kwa ajili ya tatizo hilo. Mfumo wake uliziinua sauti laini za juu wakati wa kurekodi na kuzishusha wakati wa kupiga, na shwaa ikashuka pamoja nazo. Katika kaseti za nyumbani punguzo lilifikia kama desibeli 10. Waliopiga kaseti hizo kwenye redio zisizo na mfumo huo watakumbuka jinsi s zilivyochoma, maana shwaa na s hukaa mtaa mmoja, na anayemgusa mmoja humgusa jirani yake. Leo tunarekodi kidijitali kwa biti 24, na shwaa ya namna hiyo haitusumbui tena. Vilele vya sauti vikifika desibeli 12 chini ya ukomo wa mita vinatosha kabisa.

Sasa tuingie kwenye miksi, yaani kuchanganya na kurekebisha rekodi, ambako ndiko s nyingi zisizo na hatia huharibiwa. Kompresa, kifaa cha kusawazisha ukubwa wa sauti, hubana zaidi sauti zenye nguvu, nazo kwa kawaida ni irabu. Ikibana irabu kwa desibeli 8 kisha tukaongeza 8 ili kurudisha ukubwa, s ambayo haikubanwa hupanda kwa 8, na shwaa nayo hupanda vivyo hivyo. Juu ya hapo fundi huongeza mng'ao wa sauti za juu kwenye kilohezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 10, halafu huilaumu maikrofoni. Mimi husema: kabla ya kutafuta di-esa, kifaa cha kulainisha s, zimeni kompresa na ikwalaiza, msikilize s ilivyokuja.

Di-esa ni kompresa inayosikiliza eneo moja tu la sauti, lile la s. Kwa wanaume wengi s hukaa kati ya kilohezi 5 na 7, kwa wanawake kati ya 6 na 9, na sh hukaa chini zaidi, kwa hiyo mpangilio mmoja hautoshi kwa kila mwimbaji. Punguzo la desibeli 3 hadi 6 linatosha mara nyingi. Likizidi, s hupoteza makali yake na kuelekea th, na katika Kiswahili hilo si jambo dogo: mtu ameimba "samani" nasi tunasikia "thamani". Tukikata sauti zote za juu kwa ikwalaiza, s huelekea sh, na "suka" ikawa "shuka". Jambo lingine ni kwamba silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, hivyo baada ya s irabu hufuata papo hapo. Di-esa inayochelewa kuachia humeza mwanzo wa irabu hiyo, na mwimbaji husikika kama ana kitembe. Iachie haraka.

Hata hivyo, kwa sauti kuu ya wimbo mimi napendelea mkono. Katika programu ya kurekodi s huonekana kama kipande kinene chenye mistari iliyosongamana. Kateni kipande hicho peke yake, mkishushe desibeli 4 au 5, mwendelee na kinachofuata. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna s isiyostahili inayoguswa.

Kwa shwaa iliyobaki, rekodini sekunde kumi za chumba kitupu kabla ya kuimba, vifaa vikiwa vilevile na geini ileile. Audacity, ambayo ni ya bure, hujifunza kelele kutoka sehemu hiyo na kuipunguza katika wimbo mzima. Ombeni desibeli 6, au 10 ikibidi; mkilazimisha 25 sauti huanza kulia kama iko ndani ya bati. Kazi hii ifanywe kabla ya kompresa, shwaa ingali ndogo na haijapandapanda.

Mwisho ni sauti za kuitikia. Rekodi nne zenye shwaa sawa zikiunganishwa, shwaa hupanda desibeli 6, basi nyamazisheni kila rekodi pale isipoimba, mkiipunguza sauti taratibu ili pumzi zisikatwe. Na kwa kuwa waitikiaji wanne hawatamki s kwa wakati mmoja, "sasa" moja hugeuka mtawanyiko wa s nne. Waambieni waitamke kwa ulaini, karibu waiache, na s ya mwimbaji mkuu itabeba neno kwa niaba ya wote.