Kuzuia Joto la Mabati na Kupanga Taa za Chumba: Maelekezo kwa Nyumba za Mwanza

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tunafanya ukarabati wa chumba kimoja cha kulala chenye urefu wa mita 3.5 na upana wa mita 3, katika nyumba ya matofali iliyoezekwa kwa mabati huko Buhongwa. Dari la zamani limekwisha kubomolewa, na mkitazama juu mnaona kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), papi (mbao zinazopigiliwa bati) na bati lenyewe. Tutazuia joto linaloshuka kutoka kwenye bati, kisha tutapanga taa. Mafundi wengi huzitenganisha kazi hizi: mmoja huja kufunga dari, na baadaye mwingine huja kulitoboa ili apitishe taa zake. Mimi naona ni kazi moja, kwa sababu kila tundu linalotobolewa darini huwa njia ya joto, vumbi na wadudu, na kizuia joto kilichotobolewa ovyo hupoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Kwanza tuelewe joto hilo linafikaje chumbani. Panda ngazi majira ya saa nane mchana, nyoosha kiganja kuelekea bati bila kuligusa, nawe utahisi kiganja kikichomwa ilhali upande wa nyuma wa mkono umetulia. Huo ni mnururisho, yaani joto linalosafiri kutoka kwenye kitu cha moto moja kwa moja hadi kwako, na ndiyo maana feni haiwezi kulimaliza. Mwanza ipo takriban nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, hivyo jua la mchana hulipiga paa karibu wima kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nyumba zilizojengwa mlimani kando ya majabali zina tatizo la ziada, kwani jiwe lililopata jua kutwa huendelea kutoa joto usiku. Kwa nyumba hizo dari litasaidia, lakini ukuta unaotazama jabali utahitaji pia kivuli cha mti au kibaraza.

Kabla ya kugusa chochote, zima maini swichi, kisha hakikisha kwa testa kwamba waya zote za chumba hazina umeme. Naomba nisisitize jambo hili: kuisha kwa uniti za LUKU si kuzima umeme. Mtu wa familia anaweza kununua uniti kwa simu akiwa mjini, mwingine akaingiza namba kwenye mita, wakati wewe bado umeshika waya juu ya ngazi.

Hatua ya kwanza ni kuchora taa kwenye karatasi, hata kama bado hujanunua ubao wa dari. Kwa chumba cha kulala, makadirio ya lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 100 hadi 150 kwa kila mita ya mraba yanatosha. Jikoni ongeza hadi 200 au 300. Chumba chetu kina mita za mraba 10.5, kwa hiyo tunahitaji kati ya lumeni 1,050 na 1,575. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa takriban lumeni 800, sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Tutaweka moja katikati ya dari na mbili ndogo za wati 4 ukutani, moja kando ya kitanda na nyingine kando ya kioo cha kujitazamia, kwa kuwa taa moja ya katikati humwacha anayejitazama kwenye kioo akiwa na kivuli usoni. Ukuta ukipakwa rangi nyeupe au ya maziwa, taa hizi zitatosha. Ukipaka rangi nzito, ongeza wati.

Mnaona kwamba darini tumebakiza taa moja tu. Taa za kuzamishwa darini zinapendwa sana siku hizi, nami sizikatai sebuleni, lakini katika chumba hiki taa sita za aina hiyo zingekuwa matundu sita chini ya bati la moto. Isitoshe, ukiifunika taa hiyo kwa sufi ya glasi, kizuia joto tutakachokilaza juu ya dari, kifaa chake cha kurekebisha umeme hupata joto kupita kiasi na kuharibika mapema. Tumia taa inayobandikwa juu ya ubao, ambayo inahitaji tundu la kupitisha waya peke yake.

Rangi ya mwanga nayo ina maana yake kwetu tunaoishi kando ya ziwa. Nyakati fulani, hasa mwezi unapoandama, wadudu wadogo wa ziwani huinuka juu ya maji kama nguzo za moshi, na upepo ukiwaleta nchi kavu hukimbilia kila penye mwanga. Mwanga mweupe unaoelekea ubuluu, ulioandikwa kelvini 6,500 kwenye boksi, huwavuta zaidi kuliko mwanga wa manjano wa kelvini 2,700 hadi 3,000. Chagua huo wa manjano, na taa ya ukutani isikae karibu na dirisha.

Hatua ya pili ni waya. Kwa taa tunatumia waya wa milimita 1.5 za mraba, uliopitishwa ndani ya paipu za plastiki, ukilindwa na sakiti breka ya ampea 6 au 10. Maungio yote yawe ndani ya boksi lenye kifuniko, si kufungwa kwa solotepu na kuachwa juu ya dari. Swichi ikate laivu (waya unaoleta umeme), kamwe isikate nyutro (waya unaourudisha). Wewe unaweza kufunga paipu na maboksi, ila uungaji wa waya na upimaji wake mwachie fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Akimaliza, piga picha ya paipu zote kwa simu, uzihifadhi; siku utakapotaka kutundika feni utajua mahali pa kutoboa na mahali pa kuacha.

Sasa tunafika kwenye hatua yenye hatari zaidi, nayo ni kuweka foili. Foili ya alumini huakisi zaidi ya asilimia 90 ya mnururisho, lakini alumini hupitisha umeme, na pini moja ya stepla ikichoma waya, foili nzima inaweza kuwa na umeme. Nchini Australia, katika mpango wa serikali wa kuweka vizuia joto majumbani, wafanyakazi wanne walifariki kati ya mwaka 2009 na 2010: watatu kwa umeme na mmoja kwa joto la ndani ya dari. Kwa hiyo fanya kazi hii asubuhi, maini swichi ikiwa imezimwa, na pale ambapo paipu inakatiza mbao tumia misumari ya plastiki badala ya pini za chuma.

Foili hubandikwa upande wa chini wa mbao za kenchi zinazofuata mteremko wa paa, ili pabaki nafasi ya hewa kati yake na bati. Nafasi isipungue milimita 25, kwani foili iliyogusa bati hupokea joto kwa kuguswa na kulipitisha chini. Ikiwa inang'aa upande mmoja, uelekeze chini, mahali ambapo vumbi halitui. Anza upenuni kupanda juu, kila kipande kikilalia chenzake kwa sentimita 10, na uache uwazi chini ya kofia ya paa ili hewa ya moto itoke. Matundu ya upenuni yafungwe wavu mwembamba, la sivyo popo watahamia humo kabla hujamaliza kupaka rangi.

Juu ya ubao wa dari tunalaza sufi ya glasi yenye unene wa milimita 50. Vaa barakoa, glovu na shati la mikono mirefu, kwa sababu nyuzi zake huwasha ngozi na koo. Ilaze bila kuishindilia. Hewa iliyomo ndani yake ndiyo inayozuia joto, na vilevile hupunguza kelele za mvua, jambo ambalo wenye watoto wachanga wataliona msimu wa masika. Wapo wanaotumia vipande vya polistairini kwa kuwa ni rahisi. Mimi sishauri, kwani hushika moto upesi na hudhuru ganda la waya likigusana navyo.

Kufunga jipsamu, yaani huo ubao wa dari wenyewe, hakuhitaji maneno mengi: fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili, nafasi ya sentimita 60 kati ya ubao na ubao, skrubu nyeusi za jipsamu, kisha utepe na puti kwenye maungio. Ziba kwa puti hata ule uwazi unaozunguka waya wa taa. Mfuniko wa kupandia darini nao ubandikwe sufi kwa nyuma, maana mara nyingi husahauliwa na kuwa dirisha la joto.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza, fungua mfuniko huo na umulike kwa tochi chini ya kila msumari wa bati. Sufi iliyolowa haizuii joto tena na huozesha mbao. Itoe, ziba tundu la bati, na uweke kipande kingine kikavu.