Mzawa au aliyejifunza: mwalimu gani wa Kihispania anakufaa?

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Leo naongea na nyinyi mlioko nyumbani mnaotafuta mwalimu wa Kihispania, maana swali mnaloniletea ni lile lile: "Je, ni mzawa?", yaani mtu aliyekua akizungumza lugha hiyo tangu utotoni. Mkiambiwa siyo, mnaghairi. Hapo naomba tukae kidogo.

Hisia hiyo naielewa. Hata huku ughaibuni wanafunzi wengi huanza nayo. Mzawa ana lafudhi, ana utani wa mtaani, anajua msemo upi umechuja na upi ukiutamka mbele ya wakubwa utaonekana huna adabu. Akisema "hatusemi hivyo", hahitaji kufungua kitabu. Ukishafika hatua ya kusikiliza watu wanaoongea kwa kasi, au kuandika barua isiyonuka tafsiri, mtu huyo ni hazina. Sibishi.

Ila sasa mwulize kwa nini hapa ni "por" na pale ni "para", ilhali yote mawili mara nyingi hutafsiriwa "kwa". Kama hakusomea ualimu, huenda akakujibu tu kwamba ndivyo wanavyosema. Wala simlaumu. Wewe umezungumza Kiswahili tangu utotoni, lakini ukiulizwa ghafla kwa nini ni "rafiki mzuri" halafu ni "rafiki yangu", jibu unalo mkononi?

Yule aliyejifunza ukubwani ameshapita kwenye mashimo hayo yote kwa miguu yake. Péter Medgyes, mwalimu wa Kiingereza kutoka Hungary, alilitetea hilo tangu miaka ya 1990: mwalimu asiye mzawa huona mapema utakapokwama, na yeye mwenyewe ni ushahidi kwamba lugha inawezekana. Na akiwa anajua Kiswahili, ndiyo kabisa!

Chukueni lile umbo la kitenzi linalowatoa jasho wanafunzi wanaotumia Kiingereza. "Hablas", unasema. "Quiero que hables", nataka useme. Mmeona? A imekuwa e, kama sisi. Hakuna Mswahili anayesema "nataka unasema". Kwa vitenzi vinavyoishia na "-er" na "-ir" mambo hugeuka, e inakuwa a: "comes", unakula, "quiero que comas", nataka ule. Lakini wazo lenyewe tayari unalo kichwani, na anayejua lugha zote mbili atakuonyesha kwa dakika chache. Vivyo hivyo irabu: a, e, i, o, u za Kihispania ziko karibu sana na zetu. Mwalimu aliyezoea kufundisha wasemaji wa Kiingereza anaweza kukupotezea vipindi kwa kitu ulichozaliwa nacho. Bora muda huo uende kwenye "pero" (yaani "lakini") na "perro" (yaani "mbwa"), maana ile r ya kutetemesha ulimi ndiyo inayobeba tofauti.

Sasa kuna jambo linaloniuma, na nalisema waziwazi. Wanafunzi wakisema "mzawa", mara nyingi kichwani wana picha ya mtu wa Madrid. Uhispania nzima ina watu wapatao milioni 50. Mexico peke yake imepita milioni 125. "Gracias" ya Madrid ina th, kama ya thamani; ya Mexico, na hata ya visiwa vya Kanari ambavyo ni Uhispania hiyo hiyo, ina s. Muargentina atakuambia "vos tenés", wewe una, pale Mhispania anaposema "tú tienes". Wote hao ni wazawa, na hakuna aliyekosea.

Halafu kuna Guinea ya Ikweta, huko huko kwetu Afrika, ambako Kihispania ni lugha rasmi na wapo watu waliokua wakikizungumza. Nimewasikia wanafunzi wakimtilia shaka mwalimu mweusi kabla hajafungua mdomo. Na inauma zaidi shaka hiyo ikitoka kwa Mwafrika mwenzake. Hapo hatupimi lugha tena, tunapima sura. Tuache.

Maoni yangu ni haya: ukiwa unaanza, mtafute anayeweza kueleza, na ikiwezekana awe anajua lugha yako. Ukishasimama, ongeza mzawa wa kuzungumza naye, tena ikibidi wawili wa nchi tofauti, sikio lisizoee lafudhi moja. Mzawa aliyesomea kufundisha ukimpata mapema, mshike.

Na kabla ya kulipa, omba somo la majaribio. Mpe sentensi mbili, "es aburrido" na "está aburrido". Akueleze, kwa mifano yake mwenyewe, jinsi ya kwanza inavyomtaja mtu anayechosha wenzake, na ya pili aliyechoshwa kwa sasa hivi. Kisha mwombe aongee Kihispania dakika kumi mfululizo, juu ya jambo lolote analolipenda, na wewe usikilize.