Mgonjwa asiyepona, nani mwenye kauli?

Asanteni wazee wangu, asanteni dada zangu, na nyie mliosimama huko nyuma sogeeni viti vipo. Tuingie moja kwa moja manake mada ni nzito na najua wengine mmekuja kunipinga, haina shida, muda wa maswali upo.

Tunaongelea mgonjwa ambaye madaktari wameshasema haponi. Je ana haki ya kuomba asaidiwe kufa kabla ugonjwa haujammaliza wenyewe? Mi nasema anayo, alafu ntawaambia pia napoogopa.

Wengi tukisikia hii habari tunawaza daktari kashika sindano, anamchoma mtu, kwisha. Jimbo la Oregon kule Marekani haiko hivo kabisa. Wananchi walipigia kura sheria ya kuruhusu jambo hili 1994, ikapita kwa asilimia 51 tu, ikakwama mahakamani, ikaja kuanza 1997, na mwaka huohuo wakaletewa kura nyingine ya kuifuta, asilimia 60 wakakataa kuifuta. Masharti yake ni haya: uwe mtu mzima mwenye akili timamu, madaktari wawili wakubaliane ugonjwa utakuua ndani ya miezi sita, uombe kwa mdomo mara mbili na kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili, alafu unaandikiwa dawa ila unainywa mwenyewe. Daktari hakunyweshi, mwanao hakunyweshi, na ukighairi dakika ya mwisho umeghairi, hakuna wa kukuuliza. Daktari asiyetaka kushiriki naye halazimishwi.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kila mwaka idara ya afya ya Oregon inatoa ripoti, na ukizifuatilia miaka yote hiyo unakuta karibu theluthi moja ya wanaoandikiwa dawa hawainywi. Wanaondoka na ugonjwa wao, wengine hata kuichukua hawaendi. Sasa waliiomba ya nini? Mi naelewa hivi, mtu akishajua kwamba yakimzidi ana la kufanya ile hofu inashuka, analala, anakunywa uji wake, anaongea na wajukuu. Na wakiulizwa sababu, maumivu sio ya kwanza! Ya kwanza ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yale waliyokuwa wanayapenda, na heshima. Jamani, baba mtu mzima, kalima kajenga kasomesha, leo anabadilishwa nepi na mkwewe, anageuza uso ukutani. Anateseka huyo hata kama panadol imetuliza mwili.

Na msiseme ni mambo ya wazungu huko. Afrika Kusini 2015 wakili mmoja, Robin Stransham-Ford, kansa ya tezi dume imeshasambaa, alienda mahakama kuu Pretoria kuomba daktari aruhusiwe kumsaidia. Tarehe 30 Aprili jaji akamkubalia, kumbe mwenyewe kashafariki asubuhi ileile, saa chache kabla amri haijatoka. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaifuta ile hukumu, ikasema akishakufa na dai lake limekufa. Inaniuma mpaka leo kwamba siku zake za mwisho zilienda kwenye makaratasi ya kesi.

Kwetu, Tanzania hata Kenya, kumsaidia mtu kujiua ni jinai. Na najua mtaniambia roho ni ya Mwenyezi Mungu, mimi pia naamini hivo, ila sheria ya namna ile ya Oregon haimgusi asiyetaka.

Ninachoogopa mimi ni michango. Bili ya hospitali imefika pabaya, grupu la WhatsApp la ukoo limenyamaza, watoto wameanza kuongelea kuuza shamba, na mama anasikia yote kitandani. Akisema "mnisaidie niende" hapo ni yeye kachagua au ni lile shamba linaongea? Hata Oregon wapo wengi tu wanaotaja kuogopa kuwa mzigo kwa familia, ila wengi wao wanakuwa tayari wako kwenye huduma ya hospisi, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, nesi anakuja mpaka nyumbani. Sisi mtu anarudishwa kijijini na kansa ya kizazi na paketi ya vidonge vya kichwa.

Kwa hiyo mi nadai vyote, haki ya kuchagua na huduma ya kutuliza, na mofini, ile dawa kali ya maumivu, nadai kwanza. Uganda wameonyesha inawezekana, Dokta Anne Merriman alianzisha hospisi Kampala 1993, unga wa mofini unachanganywa na maji mgonjwa anakunywa nyumbani kwa bei ndogo sana, na 2004 sheria ikaruhusu manesi waliosomea hiyo kazi waiandike bila kumsubiri daktari. Mgonjwa aliyetulizwa maumivu akikaa wiki kadhaa bado anasema hapana nimechoka, huyo mimi sina mdomo wa kumbishia.

Naona mkono, ndio mama... Mama anauliza kuhusu kutoa mashine, mgonjwa yuko aisiyu, wodi ya mahututi. Hiyo ni tofauti mama yangu. Kukataa mashine, kukataa kemo, zile dawa kali za kansa, kuomba urudi nyumbani, hapo hakuna anayekupa dawa ya kufa, ugonjwa ndo unaendelea na njia yake. Ongea na daktari ukiwa bado unaongea, waite watoto wote wasikie kwa pamoja, na uandike, manake ukishapoteza fahamu watabishana na yule aliyefika wa mwisho kutoka mjini ndo atapiga kelele kuliko wote.