Boma la Arusha Ukutani: Kutoka Postikadi Hadi Kanvasi

NDESHI: Karibuni tena kipindini. Kaka Eli, mtu ana postikadi ya Boma la Arusha, lile la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo sasa ni makumbusho. Anataka picha ya kanvasi ya sentimita 60 kwa 90 sebuleni. Aanzie wapi?

ELI: Aanze na lenzi ya kukuzia, studio baadaye. Akiona vinukta vimejipanga kama vya gazeti, hiyo imechapwa kiwandani. Ukiikuza, vinukta navyo vinakua, na skana inaongeza michirizi kama mawimbi, hasa sehemu ya anga. Kama weusi unafifia taratibu bila vinukta, ni picha halisi. Hiyo ndiyo ya kukuza.

NDESHI: Halafu?

ELI: Iskaniwe kwa nukta 1200 kwa inchi, ihifadhiwe kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Postikadi nyingi za enzi hizo ni sentimita 9 kwa 14. Ukipunguza pembeni kidogo ili ilingane na 60 kwa 90, upande mrefu unabaki na pikseli kama 6,380. Ukizitandaza kwenye sentimita 90 ni kama 180 kwa inchi. Inatosha kabisa, kwa sababu kanvasi ina nyuzi nene na mtu anaitazama akiwa kwenye kochi.

NDESHI: Na wale wanaoituma studio kwa WhatsApp?

ELI: Itaminywa hadi kuta za Boma ziwe kama uji! Tuma kama dokumenti, au peleka flashi.

NDESHI: Sasa malalamiko ya Moshi. Mteja anachapa picha ya zamani ya stesheni ya reli, anauliza, "Kilimanjaro iko wapi?" Miti ipo, paa lipo, mlima hakuna.

ELI: Kosa si la studio, dada. Wapigapicha wa wakati ule walitumia vioo vilivyopakwa dawa, na dawa ile iliona sana bluu, nyekundu karibu haikuiona kabisa. Anga la bluu likatoka jeupe, theluji nayo nyeupe, kwa hiyo kilele kikamezwa. Udongo mwekundu ukatoka mweusi, watu wanadhani barabara ilikuwa ya lami.

NDESHI: Fundi wa kompyuta akibandika mlima wa leo?

ELI: Huo ni uongo, tena unajionyesha. Jua linapiga upande mmoja kwenye jengo na mwingine mlimani, na barafu ya leo ni kidogo mno kuliko ya wakati huo. Futa vumbi na mikwaruzo, anga liache jeupe. Na ukiuziwa picha ya stesheni ya Moshi iliyoandikwa 1905, cheka tu. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi 1911.

NDESHI: Twende kwa seremala.

ELI: Fremu ya kuvutia kanvasi iwe ya mbao kavu, unene wa sentimita 4. Mbichi itapinda, na pembe moja itaachana na ukuta. Ukingo wa mbele kwa ndani upigwe randa uteremke, vinginevyo baada ya muda mstari wa mbao unajichora kwenye picha. Pima kimshazari, pembe hadi pembe, vipimo vyote viwili visome sentimita 108 na kidogo. Vikitofautiana, fremu imekaa upande. Kwa urefu wa 90 weka na ubao wa katikati.

NDESHI: Kanvasi yenyewe ikatwe vipi?

ELI: Ongeza sentimita 7 kila upande: 4 za ubavu, 3 za kushika nyuma. Yaani 74 kwa 104. Ubavuni chapa ukingo wa picha uliogeuzwa, kama unavyoonekana kwenye kioo, usije ukakunja sehemu ya Boma nyuma ya fremu.

NDESHI: Kuna wanaoanzia kwenye pembe.

ELI: Ndiyo maana zao zina mikunjo. Pini ya kwanza katikati ya upande mmoja, ya pili katikati ya upande unaotazamana nao, kisha katikati ya pande mbili zilizobaki. Endelea hivyo kuelekea pembeni, pembe ziwe za mwisho. Stepla ya mafundi sofa inafaa. Ila wino ukae siku nzima kwanza, kisha vanishi ya maji, ikauke, ndipo uvute. Ukikunja bila vanishi, wino unapasuka ukingoni na uzi mweupe unatokeza.

NDESHI: Na anayetaka kuuza?

ELI: Aangalie haki. Picha za Walther Dobbertin, mpigapicha Mjerumani wa enzi za ukoloni, zilizo Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, nyingi zimewekwa Wikimedia Commons, hazina ya picha ya mtandaoni, kwa leseni inayotaka mpigapicha na hifadhi hiyo vitajwe. Viandikwe kwenye ubao wa nyuma. Usiandike kwenye kanvasi kwa maka peni, wino unapenya hadi mbele.