Usiniambie "Mionzi", Niambie Kiasi Gani

Assalaam alaykum, hamjambo nyote. Wale wa nyuma songeni mbele, viti vipo, msikae mlangoni mkatuzibia upepo. Nimepewa nusu saa na wanaonijua washajua nitasema nini, maana nimelisema Maweni, nimelisema Gongoni, na leo nalisema tena hapa Malindi mjini kwa sababu bado halijasikika.

Neno letu hili moja, mionzi, latuponza. Jua mionzi, simu mionzi, eksirei mionzi, bomu la Hiroshima mionzi, na ule mtambo wa umeme wa nyuklia uliopangiwa Uyombo, hapa kwetu Kilifi, nao mionzi. Sasa mtu akisimama barazani akasema mionzi yaua, sote twaitikia. Akija mwengine na laptopu yake toka Nairobi akasema mionzi iko kila mahali hata kwenye ndizi, pia twaitikia. Wote wawili wamesema kweli na hakuna aliyekwambia kitu! Kiasi gani? Mbona hilo haliulizwi?

Nitawapa kisa cha shangazi yangu, Mungu amrehemu. Wengine mwakijua, vumilieni.

Shangazi alikuwa akiuza mahamri na mbaazi pale Barani. Akaanza kukohoa, tukasema moshi wa kuni huo, akanunuliwa dawa ya kikohozi, chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilikuwa nishafanya kazi kwenye chumba cha eksirei miaka kumi na moja. Nikamwambia shangazi, njoo nikupige picha ya kifua, dakika mbili tu. Akanitazama, akakaza fundo la leso yake, akasema, "Mwanangu, hiyo taa yenu yakausha damu." Nikamwambia haina madhara hata chembe. Akasema, "Kama haina, mbona wewe ukitaka kuiwasha wakimbilia nyuma ya ukuta? Kwani mimi sioni?"

Jamani, sikuwa na jibu. Au niseme jibu nilikuwa nalo lakini nilikuwa nishalifunga mwenyewe kwa lile neno "hata chembe". Jibu ni hili, lishikeni: picha moja ya kifua ni kama sehemu moja ya kumi ya milisiveti. Milisiveti ndicho kipimo, kama kilo kwenye mchele. Binadamu wa kawaida duniani, bila hospitali bila nyuklia, apata kama milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, kwenye chakula, na zaidi kwenye ile hewa ya radoni inayotoka chini ya udongo. Kwa hiyo picha ile ni sawa na kuishi tu wiki mbili hivi, ukipika mahamri yako. Na mimi nakimbilia nyuma ya ukuta kwa sababu yeye apigwa moja, mimi napiga thelathini kwa siku, kila siku, miaka nenda miaka rudi, na nina kibeji kifuani kinachopelekwa kusomwa nimekula kiasi gani. Shangazi alikuwa mfanyabiashara, hesabu hiyo angeielewa kabla sijamaliza. Nikamwambia hata chembe, naye akajua namdanganya, na akishajua wamdanganya kwa dogo hakuamini tena kwa kubwa.

Alikuja baada ya miezi minne, alipoona damu kwenye kitambaa. Nakumbuka niliitoa ile filamu bado mbichi yachuruzika maji nikaishika dirishani, na juu ya pafu la kulia pana shimo kama limetobolewa. Ni TB. Na mjukuu wake wa miaka mitano aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja alikuwa nayo pia. Walitibiwa, walipona wote wawili alhamdulillah, lakini shangazi hakupanda tena ngazi ya nyumba yake bila kukaa katikati apumue. Miezi minne ile ni ya yale maneno yangu, ndiyo maana siachi kusema.

Sasa najua kuna anayesema moyoni, huyu kala mshahara wa hospitali, lazima aitetee mionzi. Hapana, ngoja, upande wa pili nao nina maneno nao.

Wapo wataalamu wasemao chini ya milisiveti 100 hakuna kitu, tulieni. Wamelitoa wapi? Walionusurika Hiroshima na Nagasaki, watu kama 120,000, wamefuatiliwa tangu 1950 na wangali wakifuatiliwa. Waliopata kiasi kikubwa saratani iliongezeka kadiri ya walichopata, hilo halina ubishi. Lakini ukishuka chini ya 100 hesabu zaanza kuyumba. Kwa nini? Kwa sababu saratani tayari ni nyingi, duniani karibu mtu mmoja kwa watano huipata maishani bila hata bomu. Chukua kikombe cha maji ukamwage Mida siku ya bamvua halafu niambie bahari imepanda kiasi gani. Utapima? Hutaona, na kikombe umekimwaga. Kwa hiyo mtu akisema "haijaonekana" namsikiliza, akisema "haipo" namuuliza amejuaje.

Na wamezidi kutazama. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa wafanyakazi wa nyuklia wa Ufaransa, Uingereza na Marekani, zaidi ya watu 300,000, wamepata kidogo kidogo kwa miaka mingi, na vifo vya saratani viliongezeka kadiri ya kipimo, ukipiga hesabu ni kama asilimia 5 kwa kila milisiveti 100. Ni dogo, lakini lipo. Kisha nenda Kerala, India, Karunagappally, watu wajenga na kulala juu ya mchanga wa thoriamu, madini yanayotoa mionzi yenyewe, wavuvi kama sisi, karibu watu 70,000 walifuatiliwa na mwaka 2009 wakasema hatuoni saratani imezidi. Hapo ndipo mabishano yalipo na hayajaisha. Kwetu Pwani tuna kilima cha Mrima, kule Kwale, miamba yake ina thoriamu, mionzi ya asili pale iko juu kuliko kwengine na watu wamezaliwa na kuzeeka pale. Mtu mzima asilie wala asicheke, aulize kipimo.

Ama wale madaktari wa "usijali", wana deni la mama mmoja Mwingereza, Alice Stewart wa Oxford. Mwaka 1956 alikwenda kwa akina mama waliofiwa na watoto kwa saratani akawauliza, ulipokuwa na mimba ulipigwa picha ya tumbo? Akakuta waliopigwa ni kama mara mbili ya wenzao wenye watoto wazima. Kiasi chenyewe kilikuwa kama milisiveti 10! Walimpinga miaka na miaka, na huku wajawazito waendelea kupigwa picha. Leo hakuna fundi wa eksirei asiyemuuliza mwanamke kama ana mimba. Au hatakikani awepo, maana mimi nimemuona kwa macho yangu mwenzangu amempitisha binti bila kumuuliza, foleni ilikuwa ndefu ati.

Na hili la siti skani, ile eksirei ya kuzunguka mwili inayopiga picha nyingi kwa pamoja, ndilo laniuma siku hizi. Siti skani ya tumbo yafika milisiveti 10, picha mia za kifua kwa mpigo mmoja. Kuna kijana wa jirani yangu, miaka tisa, kichwa chamuuma, amepigwa siti skani tatu mwezi mmoja, hospitali tatu, kwa sababu kila moja yasema hatukuona picha ya mwenzetu leta nyengine, na mzazi alipa. Watoto karibu 950,000 wa Ulaya walihesabiwa, majibu yakatoka 2023, wakasema katika watoto 10,000 wanaopigwa, mmoja au wawili watapata saratani ya damu kwa sababu ya kipimo kile. Ikiwa mtoto ameanguka toka kwenye mnazi, mpige, mpige sasa hivi! Lakini picha ya tatu kwa sababu ya mfuko wa picha uliosahaulika nyumbani? Mama zangu, filamu na sidii ni zenu, zifungeni pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Mlingoti wa simu, naona mkono umeinuka. Ile ni mionzi ya namna nyengine, haina nguvu ya kuvunja chembe mwilini kama eksirei, tusichanganye, na leo siingii huko.

Uyombo sasa, na dakika zaniishia. Watu walioandamana 2024 hawakukosea kuuliza, na aliyewaita wajinga ndiye aliyekosa adabu. Lakini mtambo uwe Uyombo, uwe Siaya kule ziwani kunakotajwa pia, nadai kitu kimoja: kipimeni kabla. Mionzi ya asili ya mchanga, samaki, maji ya visima, ipimwe leo na iandikwe. Saratani za Kilifi zihesabiwe kijiji kwa kijiji leo, maana KEMRI, wale watafiti wa tiba wa serikali, wamehesabu vizazi na vifo Kilifi tangu 2000, kazi hiyo si ngeni hapa. Wajerumani 2007 walikuta saratani ya damu imezidi kwa watoto wadogo waliokaa ndani ya kilomita 5 za mitambo yao, na kipimo cha mionzi pale hakitoshi kueleza, mpaka leo wabishana, na wao wana rejista ya saratani! Sisi tusiohesabu tutabishana na nini? Fukushima, ule mtambo wa Japani ulioharibika 2011, nilitaka niwaeleze, wazee waliohamishwa haraka wakafa kwa kule kuhamishwa, zaidi ya 2,000 wametajwa, lakini hilo lataka siku yake.

Hiyo adhana. Mwenye swali anikute hapo nje kwenye baraza, nami nimekuja na kibeji changu cha zamani mkitaka kukiona. Na baba yake yule kijana, kama umo humu, nisubiri usiondoke.